Brashi za mekapu za bei chee: jinsi ya kuzijaribu kabla hujatoa hela

Kila nikimpamba mtu lazima aniulize, dada hizo brashi umetoa wapi na ni shilingi ngapi, nikimwambia nyingi ni za Kariakoo za buku tatu buku tano ananitazama kama vile namficha kitu. Sifichi. Nimeanza kupamba na seti ya kwenye kibegi cheusi, ile ya brashi 24, nimehama nikanunua za bei mbaya moja moja, afu nimerudi tena kwenye za bei chee ila sa hivi nachagua kwa macho na kwa mkono, sichukui tu kwa sababu zinang'aa. Na nimeona wadada wanaoanza kazi hii wakikopa ili wanunue brashi za majina wakati hata mteja wa kwanza hawajampata, hiyo inaniuma kweli, maana hela hiyo ingetosha kununua faundesheni tatu za rangi tofauti na kiti cha kumkalisha mteja.

Kwaiyo hapa nitaeleza nnavyofanya mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Nipo Dar kwaiyo mifano ni ya Dar, walioko Nairobi wana Dubois Road yao, mtaa wa vipodozi, mambo ni yale yale.

Hatua ya 1: jua unalipia nini

Brashi ina vitu vitatu, nywele, lile bati la shingoni, na mpini. Cha nne ni gundi, huioni ila ndo inayobeba kila kitu.

Zile brashi za bei ya juu kabisa, mfano za mji wa Kumano huko Hiroshima Japani, bei yake ina sababu. Kule zinatengenezwa kwa mkono na zile nywele hazikatwi nchani, fundi anazipanga kwenye kikopo cha mbao mpaka umbo litoke lenyewe, afu anazifunga kwa upande wa shina. Ncha inabaki ile ile aliyozaliwa nayo mbuzi au kindi, nyembamba na laini, ndo maana ukiipitisha shavuni unasikia kama pamba. Brashi nyingi za chee za nywele za mnyama zinapewa umbo kwa mkasi, ncha inabaki butu, na hiyo ncha butu ndo inayokuchoma uso ukajua brashi ni mbaya.

Ila hiyo ni habari ya nywele za mnyama. Kwenye sintetiki mambo yamebadilika sana, sa hivi nyuzi za plastiki zinachongolewa nchani na dawa hukohuko kiwandani kwaiyo hata brashi ya bei ndogo inaweza kuwa laini. Na makampuni makubwa yenyewe yamehamia huko. Ile brashi ya MAC (kampuni kubwa ya mekapu) namba 217 ambayo wapambaji wa aishedo, yani rangi ya kope, dunia nzima waliisifia ilikuwa ya nywele za mbuzi, sa hivi inauzwa kama 217S, hiyo S ni sintetiki, na bei yake bado ni zaidi ya dola 20, yani kama elfu 50 kwenda juu kwa brashi moja ya jicho. Sisemi ni mbaya, nimeishika na ni nzuri. Nasema tu kwamba ukilinganisha sintetiki na sintetiki, tofauti iliyobaki ni umbo, wingi wa nywele, gundi, na uhakika kwamba ukinunua leo na ukinunua mwakani utapata kitu kile kile. Hivyo vitatu vya kwanza unaweza kuvikagua mwenyewe pale dukani. Hicho cha nne ndo huwezi, nitakirudia mwishoni.

Hatua ya 2: andika unazohitaji, usinunue seti

Seti zinadanganya. Unaona brashi 24 kwa elfu 15 unapiga hesabu unaona umepata, kumbe ndani yake kuna nne za kueleweka na nyingine zimefanana hata hujui za nini, zinakaa kwenye kibegi mpaka zinapata vumbi. Mi kwa mtu anayejipaka mwenyewe nashauri tano tu: ya faundesheni (iliyojaa, imekatwa flati juu), ya poda (kubwa, imelegea), ya blasha (ya kati, unaweza kuitumia na kwa kontua, yani kuchonga uso kwa rangi iliyokoza), ya kublendi jicho, yani kusambaza rangi mpaka isionekane mpaka wake (ndogo, ina manyoya manyoya, kichwa kama yai) na ya kupakia rangi kwenye kope (flati, fupi, ngumu kidogo).

Za nyusi na wanja usiende hata duka la vipodozi. Nenda stesheneri ununue brashi za rangi za kuchorea, zile nyembamba za nailoni, namba 0 au 1 kwa ailaina, na ile iliyokatwa upande kwa nyusi. Zinachora mstari msafi kushinda za kwenye seti. Iwe mpya tu, haijawahi kuguswa na rangi. Na kachana ka nyusi unako nyumbani tayari, chukua kale ka maskara iliyoisha, kaoshe na sabuni na maji ya vuguvugu mpaka maji yatoke meupe, kausha, basi, ila hiyo iwe yako peke yako usimtumie mteja.

Hatua ya 3: dukani

Hapa ndo penyewe, nenda taratibu. Usiende Jumamosi mchana pale mtaa wa Kongo watu wanakusukuma huku na huku, utachukua chochote ili utoke. Nenda katikati ya wiki asubuhi, muuzaji hana presha na wewe huna presha.

Kwanza omba kufunguliwa sampuli. Wengine watakataa. Mi nimeshaambiwa "dada yangu ukifungua umenunua", nikamjibu "sawa kaka yangu, nifungulie moja, ikiwa nzuri nachukua nne, ikiwa mbaya hiyo moja nalipa", akafungua. Mara nyingi wanakubali ukisema hivo maana anajua huchezi. Akikataa kabisa sogea duka la pili, ni hatua tatu tu.

Ukishaipata mkononi:

Piga piga ile brashi kwenye kiganja kama mara kumi, afu pitisha vidole kwenye nywele kutoka shina kwenda nchani, vuta kidogo kwa upole. Nywele moja au mbili zikitoka sio kesi, hizo ni zile zilizobaki legelege kiwandani. Zikitoka tano sita na zinaendelea, rudisha, hiyo gundi haijashika na hakuna dawa. Hiki kipimo nimekijua kwa maumivu. Kuna bibi harusi nilimpamba Mbagala, nilikuwa na brashi mpya ya faundesheni nimeinunua jana yake sijaipima wala sijaiosha, nikaanza nayo kazi, nikawa naona vinywele vyeusi kwenye paji la uso, natoa kimoja kinakuja kingine, tumefika kwenye mdomo bibi harusi ananiambia kwa sauti ya chini "dada, nasikia kama kuna kitu kwenye lipglosi". Nusu saa nzima niko na kibano natoa vinywele wakati gari ipo nje inapiga honi. Yule dada alinivumilia ila mi nililala vibaya siku hiyo, ile siku ilikuwa ni yake.

Bonyeza kichwa cha brashi kwenye kiganja afu achia. Inatakiwa irudi kusimama yenyewe. Ikilala kama majani yaliyokanyagwa, haitasukuma faundesheni, itaiburuza tu ikuachie mistari.

Ipitishe sehemu ya ndani ya mkono, pale chini ya kiwiko, ngozi ya pale ni laini karibu kama ya usoni. Tafadhali usiipitishe usoni dukani, hujui imegusa nani. Ikichoma pale, usoni itachoma zaidi.

Shika kichwa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, zungusha kidogo. Kikicheza hata kidogo, acha. Ukitikisa ukasikia kitu kinagonga ndani, acha.

Kama nywele zimepakwa rangi, pinki au zambarau, lowesha tishu nyeupe ufutie. Rangi ikitoka kwenye tishu itatoka na kwenye shavu.

Na hiki wengi hawakijui, sumaku. Zile pochi za simu zenye sumaku kwenye kifuniko zinatosha. Gusisha kwenye bati la shingoni, likishika ujue hilo ni chuma na kwa hewa yetu ya pwani na kuosha osha litapata kutu, na ile kutu inashuka kwenye nywele. Lisiposhika kuna uwezekano mkubwa ni aluminiamu, hilo ndo unalolitaka.

Sasa kuhusu kujua kama ni nywele za mnyama au sintetiki, usiamini maandishi ya kwenye nailoni iliyofungiwa. Fanya kile kile tunachofanya na wivingi tukiambiwa ni human hair: chukua uzi mmoja uliotoka, uchome. Ukinuka nywele iliyoungua na ukabaki majivu ya kusagika, ni wa mnyama. Ukijikunja ukawa kashanga kagumu na harufu ya plastiki, ni sintetiki. Hii ina maana kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nywele za mnyama zinakunywa vitu vya majimaji, zinakumalizia faundesheni yako, sintetiki hainywi hivo. Ya pili ni ya dada zangu Waislamu, maana kuna brashi zinatengenezwa na nywele za nguruwe na hakuna anayekwambia. Ukichukua sintetiki umeondoka kwenye hilo swali kabisa.

Kuhusu jina. Utaonyeshwa brashi zimeandikwa MAC kwa elfu nne. Achana nazo. Sio kwamba ya elfu nne haiwezi kuwa nzuri, inaweza, ila aliyeandika jina lisilo lake ameshakudanganya kitu kimoja na hujui cha pili ni kipi. Chukua ile isiyo na jina ambayo inasimama yenyewe kwenye kiganja chako. Brashi nyingi zinazoingia mjini zinatoka China, kuna wilaya inaitwa Luyi jimbo la Henan ambako kutengeneza brashi za mekapu ndo kazi kubwa ya watu, kwaiyo brashi isiyo na jina sio lazima iwe imetengenezwa na mtu asiyejua kazi.

Wanaoagiza wenyewe kutoka China kupitia kago, agiza moja moja kwanza, hata kama kwa dazeni ni nafuu. Picha haina kiganja cha kupigia.

Hatua ya 4: ioshe kabla ya kuitumia

Hata kama imefungwa. Chukua shampuu ya watoto, maji ya kawaida sio ya moto, tone moja kwenye kiganja, zungusha brashi humo ukiwa umeielekeza kichwa chini muda wote. Maji yasipande kwenye bati, yakiingia humo ndani yanalegeza gundi na ndo mwanzo wa kunyonyoka. Suuza, kamua na taulo, rudisha umbo na vidole, afu ilaze mezani kichwa kikiwa nje ya ukingo, au ifunge kwenye kamba kichwa chini. Usiisimamishe kwenye kikombe ikiwa mbichi na usiianike kwenye jua kali. Kwa joto la Dar ungedhani inakauka haraka lakini unyevu ni mwingi, ile ya faundesheni iliyojaa inaweza kulala usiku mzima na ndani bado ni mbichi, kwaiyo osha siku ambayo kesho yake huna kazi.

Rudia mara tatu, siku tofauti. Kwenye muosho wa kwanza vinywele vitatoka, wa pili vichache, wa tatu visitoke. Vikitoka bado, hiyo ihamishie kwenye kufuta vumbi kwenye kibodi au kupaka mafuta kwenye kikaango cha chapati, imeshindwa usaili.

Hatua ya 5: nusu uso kwa nusu uso

Hili ndo jaribio la kweli. Tafuta rafiki mwenye brashi ya bei mbaya, muombe akuazime kwa asubuhi moja, iwe safi. Kama huna, tumia vidole au sponji ulilolizoea, cha msingi uwe na kitu cha kulinganisha nacho.

Osha uso, paka losheni yako ya kawaida, subiri dakika tano. Weka faundesheni ile ile, kiasi kile kile, mi nahesabu matone, mawili kila upande. Upande wa kulia brashi ya chee, kushoto ile nyingine. Usiangalie kwenye kioo cha bafuni, toka mlangoni kwenye mwanga wa asubuhi. Angalia pembeni ya pua, chini ya jicho na pale kwenye mpaka wa nywele, hapo ndo mistari inapojificha. Piga picha bila flashi, piga na ya flashi. Afu endelea na shughuli zako, pika, panda daladala, tokwa jasho, na baada ya masaa manne piga picha tena.

Mi nilivyofanya hili mara ya kwanza mdogo wangu hakujua upande upi ni upi, nikamuuliza upande gani umekaa vizuri akaonyesha kulia. Nikarudia siku tatu, siku moja akasema kushoto, mbili akasema hamna tofauti. Hapo ndo nilipoacha kununua brashi za faundesheni za bei mbaya.

Kwenye poda fanya hivo hivo ila angalia zaidi ile picha ya flashi. Kwa ngozi zetu nyeusi brashi ya poda iliyoshindiliwa sana inamwaga poda nyingi sehemu moja, kwa macho huoni kitu, ikija picha ya flashi unaona uso una kijivu chini ya macho. Brashi ya poda iwe imelegea, ukiipuliza nywele zipepee. Na kama unataka poda ishike kwa ajili ya jasho usihangaike na brashi kabisa, kile kipafu cha kitambaa cha buku jero ukikikandamiza taratibu kinashinda brashi yoyote niliyowahi kushika.

Hatua ya 6: jicho, hapa kuwa mkali

Kwenye macho ndo za bei chee zinafeli zaidi, sitaki kudanganya. Nyingi zinakuja kubwa kuliko shimo la jicho, au laini mno haziokoti rangi. Ngozi nyeusi inataka rangi ikandamizwe ikae, ukiwa na kibrashi kinachoteleza utapaka mara nane na bado dhahabu yako inaonekana kama vumbi. Ile brashi flati ya kope ijaribu hivi: gusa aishedo mara moja, kandamiza nyuma ya mkono mara moja, angalia. Rangi ikitoka kamili kwa mguso mmoja hiyo ni brashi. Ya kublendi fanya kinyume chake, paka msitari wa rangi ya kahawia nyuma ya mkono afu zungusha brashi kavu bila kuongeza kitu, hesabu mpaka ishirini, ukingo wa rangi unatakiwa uwe umepotea wenyewe bila doa.

Nimepima nyingi. Ya kublendi ndo brashi pekee ambayo kama una elfu 50 imekaa nakuambia nunua ya jina, utaitumia miaka. Hizo nyingine nne hapana.

Hatua ya 7: kuitunza

Ya faundesheni na konsila (ile ya kuficha madoa) ioshe kila wiki kama ni yako, za poda kila wiki mbili zinatosha. Ukiwa unapamba watu ni kila mtu na muosho wake, na kati ya mteja na mteja siku ya haraka nyunyizia spiriti ya asilimia 70, iache ikauke yenyewe kabisa ndo umguse mwingine. Macho mekundu yanaambukizwa hivi hivi kwa brashi, na mteja hatakuambia, hatarudi tu.

Kichwa kikichomoka usitupe. Acha pande zote zikauke siku nzima, kwangua gundi ya zamani na kisu, weka matone mawili ya supa gluu ndani ya bati, ingiza mpini, ilaze mpaka kesho. Nina ya blasha niliyoigundisha miaka mitatu iliyopita bado ipo kazini.

Sasa kile cha nne nilichosema nitakirudia. Brashi isiyo na jina haina uhakika wa kesho. Mzigo unaokuja mwezi ujao unaweza kufanana kila kitu, mpini ule ule, nailoni ile ile, kumbe umetoka kiwanda kingine na nywele ni nyingine. Kwaiyo ikishapita nusu uso, rudi dukani wiki hiyo hiyo, nenda na ile uliyonayo mkononi, linganisha, ongeza mbili. Mi ya faundesheni nilichukua nne. Moja naitumia, moja nilimpa mdogo wangu, mbili zipo kwenye droo kwenye nailoni yake, nimeandika tarehe kwa maka peni.